Fanani Asiyeonekana: Jinsi Matangazo ya Gramafoni Yalivyoiingiza Opera Sebuleni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya gramafoni nchini Marekani inaitia methali hii majaribuni. Mwishoni mwa karne ya 19, opera ilikuwa miongoni mwa sanaa zilizoenziwa mno katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo, ilipoingizwa katika santuri, kampuni zilizoitengeneza hazikuiacha ijiuze. Ziliitembeza kwa matangazo magazetini, mwaka baada ya mwaka.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi matangazo hayo yalivyofanya kazi, hasa yale ya kampuni ya Victor Talking Machine iliyokuwa na makao yake mjini Camden, jimbo la New Jersey. Yanashikilia kwamba kilichouzwa hakikuwa muziki peke yake. Kiliuzwa pia kiapo kwamba fanani anaweza kutenganishwa na hadhira yake, akapelekwa hadi nyumbani kwa mnunuzi, na asipungukiwe na chochote. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, ambaye hufunzwa kwamba utendaji hupata uhai pale fanani na hadhira wanapokutana ana kwa ana, kiapo hicho si jambo dogo.

Chombo kilichotafuta heshima

Thomas Edison alivumbua fonografu mwaka wa 1877. Mwaka uliofuata alichapisha orodha ya matumizi aliyoyatarajia, na la kwanza kabisa lilikuwa kuandika barua kwa imla. Muziki ulitajwa, lakini haukutangulizwa. Katika miaka ya 1890, Wamarekani wengi waliisikia mashine hii katika kumbi za burudani, ambako mtu alitumbukiza sarafu kisha akasikiliza kupitia mirija iliyotiwa masikioni. Aghalabu alichosikia kilikuwa wimbo wa kuchekesha, mzaha au bendi ya matarumbeta.

Wakati huo, Emile Berliner alikuwa tayari amebuni gramafoni, ambayo ilitumia sahani bapa badala ya mcheduara wa Edison. Fundi wa mitambo, Eldridge Johnson, aliiboresha gramafoni hiyo na kuanzisha kampuni ya Victor mwaka wa 1901. Tatizo lililomkabili halikuwa la kiufundi tu. Familia zenye uwezo zilikuwa na piano sebuleni, na piano ilikuwa ishara ya malezi bora. Mashine yenye pembe kubwa, yenye kukwaruza, na iliyohusishwa na vichekesho vya senti chache, ingewezaje kuwekwa kando ya piano hiyo? Johnson alihitaji kuipa mashine yake nasaba njema. Nasaba hiyo aliipata katika opera.

Hata nembo ya kampuni ilikuwa hoja tosha. Mnamo 1899, kampuni ya Gramophone ya London ilinunua picha iliyochorwa na Francis Barraud ikimwonyesha mbwa aitwaye Nipper akiisikiliza sauti ya bwana wake. Awali, picha hiyo ilionyesha fonografu ya mcheduara. Mchoraji aliifunika kwa rangi na kuchora gramafoni mahali pake. Victor iliitumia picha hiyohiyo nchini Marekani. Ujumbe wake ulikuwa bayana: mbwa humjua bwana wake kuliko kiumbe yeyote, na ikiwa mbwa amekiri kwamba hii ndiyo sauti yenyewe, binadamu ni nani hata abishe?

Sauti katika nta

Mnamo Aprili 1902, Fred Gaisberg, mrekodi wa kampuni ya Gramophone, aliandaa chumba cha hoteli mjini Milan, Italia, na kumrekodi kijana mmoja aitwaye Enrico Caruso. Caruso aliimba nyimbo kumi kwa malipo ya pauni 100. Maikrofoni haikuwa imeanza kutumika katika kazi hiyo. Ilianza kutumika mwaka wa 1925. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe, na nguvu ya sauti yake pekee ndiyo iliyoisukuma sindano ichore mifuo katika nta. Vifaa hivyo vilichagua sana. Fidla na ala za sauti nzito zilififia, ilhali sauti ya mwimbaji wa kiume wa daraja ya tena, kama Caruso, ilinaswa vizuri ajabu.

Santuri zenye kibandiko chekundu zilikuwa zimeanza kuuzwa na kampuni ya Gramophone nchini Urusi mwaka wa 1901. Victor iliuchukua mtindo huo mwaka wa 1903 na kuuita Red Seal, yaani muhuri mwekundu. Novemba mwaka huohuo, Caruso aliimba kwa mara ya kwanza katika jumba la Metropolitan Opera jijini New York, na Februari 1904 akaanza kuirekodia Victor. Aliendelea hadi mwaka wa 1920, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Mbinu za matangazo

Mbinu ya kwanza ilikuwa kudai kwamba nakala na asili ni kitu kimoja. Tangazo moja mashuhuri lilimwonyesha Caruso akiwa katika maleba ya jukwaani, na kando yake santuri. Maandishi yalidai kwamba vyote viwili ni Caruso. Matangazo mengine yalimuuliza msomaji kama angeweza kumtambua mwimbaji halisi na santuri yake, yupi ni yupi. Ni vyema kuzingatia kwamba tangazo halikusema santuri inafanana na Caruso. Lilisema santuri ni Caruso. Tashbihi iliachwa, sitiari ikashika nafasi yake. Kisha msomaji akaombwa aichukue sitiari hiyo kama ukweli mtupu.

Mbinu ya pili ilikuwa kuigeuza sebule kuwa jukwaa. Katika baadhi ya picha za matangazo, waimbaji wa opera, wakiwa wamevaa kifalme na kipadri, walichorwa wadogo kama wanasesere, wakiwa wamekusanyika mbele ya mashine huku familia ikiwatazama. Mpangilio wa hadhi ulipinduliwa. Jumbani, mtazamaji wa kawaida alikaa mbali juu kwenye viti vya bei ndogo, akimtazama nyota kwa mbali. Sebuleni, nyota ndiye aliyekuwa mgeni, tena mgeni mdogo, anayeitwa na kunyamazishwa kwa mkono wa mwenye nyumba. Chombo chenyewe kilibadilishwa ili kifae ukumbi huo. Mwaka wa 1906 Victor ilitoa Victrola, ambayo pembe lake lilifichwa ndani ya kabati la mbao. Bei yake ilikuwa dola 200. Mashine sasa ikawa fanicha. Kufikia mwaka wa 1911, mtu aliweza kupata Victrola ndogo kwa dola 15.

Mbinu ya tatu ilikuwa bei. Santuri za nyimbo za kawaida zilipatikana kwa chini ya dola moja. Santuri za Red Seal ziliuzwa ghali zaidi, ingawa zilikuwa na muziki upande mmoja tu hadi mwaka wa 1923. Mwaka wa 1908, kipande cha waimbaji sita kutoka opera ya Lucia di Lammermoor, Caruso akiwemo, kiliuzwa kwa dola 7. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1914 Henry Ford alipotangaza ujira wa dola 5 kwa siku kiwandani mwake, taifa zima lilishangaa. Santuri moja ya dakika chache ilizidi ujira huo. Ughali huo haukufichwa kama aibu. Ulikuwa sehemu ya bidhaa. Aliyekuwa na santuri ya dola 7 rafuni alikuwa na cheti cha ustaarabu, hata kama aliicheza mara moja kwa mwezi.

Mbinu ya nne ilikuwa elimu. Wanunuzi wengi hawakujua Kiitaliano wala visa vya opera. Mwaka wa 1912, Victor ilichapisha kitabu kilichosimulia hadithi za opera 70, pamoja na picha na maelezo ya santuri zinazohusika. Msomaji alisoma kisa, akafika pale penye wimbo maarufu, akakuta santuri ya kununua. Kitabu kilikuwa mwalimu na muuzaji kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni ilikuwa imeanzisha idara ya elimu chini ya Frances Elliott Clark, mwalimu wa muziki kutoka Milwaukee, ili kuzifikisha santuri na mashine shuleni.

Bendera na shehena

Lililo la kushangaza ni kwamba opera haikuwa ndiyo biashara kubwa ya kampuni. Mwaka wa 1905, Victor yenyewe iliwafahamisha wafanyabiashara kwamba kurasa nyingi za matangazo yake zilitengewa waimbaji wa opera, ilhali mauzo yalikuwa kinyume: nyimbo za kawaida ndizo zilizonunuliwa zaidi. Kwa hivyo, opera ilikuwa bendera ya jahazi, na nyimbo za kawaida ndizo shehena. Aliyeingia dukani akivutwa na jina la Caruso huenda alitoka na wimbo wa dansi. Ila aliubeba wimbo huo chini ya heshima ya Caruso, na mashine iliyoucheza haikuonekana tena kuwa kitu cha mzaha.

Yaliyonyamaziwa

Matangazo yalinyamazia mengi. Santuri ya inchi 12 ilichukua takriban dakika nne. Opera ya saa tatu ilikatwakatwa ikawa vipande vya nyimbo mashuhuri, na mihimili ya kisa ikaachwa nje. Nyimbo ndefu zilifupishwa au kuharakishwa. Aidha, waliokuwa na sauti zisizonaswa vizuri na pembe walibaki nyuma hata kama jukwaani walisifika.

Edison naye aliingia katika ushindani huu. Kuanzia mwaka wa 1915, kampuni yake iliandaa maonyesho ambapo mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine. Taa zilizimwa, na hadhira ikatakiwa kutambua ni lini mwimbaji alinyamaza na mashine ikaendelea. Wengi walikiri kushindwa. Miaka mingi baadaye, Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alieleza kwamba alikuwa akiirekebisha sauti yake ifanane na ile ya mashine. Ungamo hili lafaa kutafakariwa. Tangazo lilidai kwamba mashine imefikia kiwango cha binadamu. Kumbe binadamu ndiye aliyeombwa ashuke kufikia mashine.

Mbwa yuleyule Zanzibar

Mambo haya hayakuishia Marekani. Mwaka wa 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi taarab kwa Kiswahili chini ya nembo ya His Master's Voice, yaani mbwa yuleyule wa Barraud. Wimbo wa taarab ambao ungerefushwa kwa kadiri ya hamu ya hadhira, ukarudiwa kwa kutuzwa na kushangiliwa, ulilazimika kutosha katika upande mmoja wa santuri. Hata hivyo, upwani santuri haikumfungia msikilizaji sebuleni peke yake. Watu walikusanyika kuizunguka gramafoni katika mikahawa, wakajadili maneno na mafumbo yake. Kwa njia hiyo hadhira ilijiunda upya, ingawa fanani hakuwepo.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba matangazo ya awali ya gramafoni yaliuza mambo manne: usawa wa nakala na asili, sebule kama jukwaa, bei kama daraja, na elimu kama njia ya kununua. Yamebainisha pia kwamba sehemu ya kiapo hicho ilitimia. Maelfu ya watu ambao hawangeweza kukanyaga jumba la opera walimsikia Caruso, na santuri za Siti zimeihifadhi sauti ambayo vinginevyo ingezikwa naye mwaka wa 1950. Hilo si la kubezwa.

Lakini mtafiti anayekwenda nyanjani na kinasasauti ili kukusanya ngano na nyimbo anarithi kiapo kilekile. Akirudi na kanda, asidhani amerudi na utendaji. Amerudi na upande mmoja wa mazungumzo, na ni wajibu wake kuandika kando ya sauti hiyo nani alikuwepo, aliitikia nini, na fanani alikifupisha nini kwa sababu ya chombo kilichowekwa mbele yake.