Msaada wa Mtoto Usingoje Jina la Hali Yake

Mtoto wa miaka minne anaweza kukutajia vituo vyote vya daladala kutoka kwao hadi Kariakoo bila kuruka hata kimoja, tena kwa Kiswahili cha mtu mzima, kisha akashindwa kumjibu mwenzake anayemwita wakacheze. Bibi yake akimwambia, kwa utani wa kawaida wa bibi na mjukuu, "wewe ndiye mume wangu," anabisha mpaka analia, kwa sababu mume wa bibi ni babu na jambo hilo linajulikana. Shati jipya halivai kwa ajili ya lebo inayomkwaruza shingoni. Wali ukiguswa na mchuzi hauliwi tena. Majirani wana jibu lao: amedekezwa. Mwalimu wa chekechea ana lake: mjuaji na mkaidi. Naye mzazi aliyepekua simu yake usiku kucha amebaki na swali lisilompa usingizi: je, huyu ana Asperger? Swali hilo ni halali na lipelekwe kwa wataalamu. Ninachokikataa mimi ni ile desturi ya kuuweka msaada kando mpaka jibu lipatikane.

Jina lenyewe limeyumba kwa muda mrefu. Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, alichapisha mwaka 1944 maelezo ya wavulana waliozungumza kama maprofesa wadogo lakini wasiojua kuishi na wenzao. Mwaka mmoja kabla, Leo Kanner wa Baltimore alikuwa ameeleza watoto 11 wenye hali tunayoiita leo usonji. Maandishi ya Asperger hayakujulikana sana nje ya nchi za Kijerumani hadi mwaka 1981, Lorna Wing wa London alipoyaeleza kwa Kiingereza na kuipa hali hiyo jina la daktari huyo. (Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa ushahidi wa nyaraka kwamba Asperger aliwapeleka baadhi ya watoto Am Spiegelgrund, kituo ambako utawala wa Kinazi uliwaua watoto wenye ulemavu, si ajabu wengi hawataki tena kulitumia jina lake.) Miaka ya 1990 hali hii iliingizwa katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani na katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Kigezo kikuu cha kuitenga na usonji mwingine kilikuwa lugha: mtoto awe ametamka maneno kufikia miaka 2 na kuunga sentensi fupi kufikia miaka 3. Mpaka huo haukusimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanyika katika vituo 12 vya vyuo vikuu Amerika Kaskazini, ulionyesha kwamba jina alilopewa mtoto lilitabirika zaidi kwa kituo alichopimwa kuliko kwa dalili zake. Mwaka uliofuata Wamarekani waliifuta Asperger na kuichanganya na usonji, na toleo jipya la orodha ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, likafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mzazi anayekaa miaka akingoja kuambiwa kama ni Asperger au siyo, anangoja jibu ambalo miongozo mikuu ya kitabibu imeshaacha kulitoa. Atakachoambiwa leo ni kama mtoto yumo ndani ya wigo wa usonji, na anahitaji msaada wa kiasi gani.

Hata jibu hilo huja kwa kuchelewa, na huchelewa zaidi kwa mtoto wa aina hii kwa kuwa anazungumza vizuri. Utafiti wa familia za Uingereza uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba watoto waliotambuliwa kuwa na usonji wa kawaida walipata jibu wakiwa na umri wa karibu miaka 5 na nusu kwa wastani, ilhali wenye Asperger walilipata wakiwa na miaka 11. Hiyo ni nchi yenye madaktari na wataalamu wa lugha ya watoto katika kila mkoa. Hapa Afrika Mashariki, ambako wataalamu hao wengi wako mijini na mzazi wa kijijini hulala njiani ili awaone, si busara kutarajia mapema zaidi. Mtoto wa miaka 11 ameshamaliza nusu ya utoto wake akichekwa uwanjani na kuchapwa darasani.

Je, kuna ushahidi kwamba kumsaidia mtoto kabla ya kumpa jina kunafaa? Upo. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya majaribio kwa watoto wachanga 103 walioonyesha dalili za awali karibu na mwaka wa kwanza. Wazazi wa kundi moja walionyeshwa picha za video zao wakicheza na watoto wao, wakasaidiwa kusoma ishara ndogo ambazo mtoto hutoa na kuzijibu. Watoto hao walipofika miaka 3, waliokidhi vigezo vya usonji katika kundi hilo walikuwa wachache kuliko katika kundi la huduma za kawaida: takriban asilimia 7 dhidi ya 20. Idadi ni ndogo, na sitaki mtu aseme kwamba usonji umepata kinga. Ninachokichukua hapo ni kwamba hakuna aliyengoja utambuzi, na aliyefundishwa ni mzazi. Shirika la Afya Duniani nalo limetengeneza mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji, vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na wahudumu wasio mabingwa, na kujiunga hakudai cheti cha daktari.

Tutazame kazi yenyewe ilivyo. Mtoto huyu huchukua maneno kama yalivyo, kwa hiyo agizo limwelekeze kwenye tendo. "Kaa vizuri" halimwambii kitu. "Weka miguu chini, mikono mezani" linamwambia. Ukisema "nakuja sasa hivi" na usije, kwake umesema uongo, na kilio kinachofuata kina mantiki yake. Mabadiliko yatangazwe mapema: picha nne zilizobandikwa ukutani kwa mpangilio, uji, kuoga, sare, shule, humpunguzia mtoto hofu ya kutojua kinachofuata, na siku ratiba inapobadilika, ile picha ibadilishwe mbele yake. Adabu ifundishwe kama somo. Mtoto mwingine huokota shikamoo hewani. Akisikia wiki mbili anajua nani anaamkiwa na nani hapaswi, na kwamba mtu aliyekwisha kuamkiwa asubuhi haamkiwi tena kila akipita mlangoni. Huyu wetu anahitaji kuelezwa kanuni moja baada ya nyingine, kisha afanye mazoezi na mtu aliyemzoea kabla ya kupelekwa msibani au harusini, ambako watu ni wengi na spika zinanguruma. Kelele si jambo dogo. Kwa baadhi ya watoto hawa sauti ya blenda au kengele ya shule inauma kabisa, na kumruhusu aingie darasani dakika chache baada ya msukumano wa mstarini hakumgharimu mwalimu chochote. Kuhusu hizo daladala anazozijua, zitumiwe: kuhesabu kwa namba za magari, kusoma kwa vibao vya njia, na kucheza kwa zamu, mmoja dereva mwingine kondakta.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wakubwa wa familia: huko ni kumdekeza, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali ni ya kweli, na ndiyo maana inapasa tujue tunalea nini. Mtoto anayelia ili apate pipi hukutupia jicho kuona kama unatazama, na akiipata hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa na kelele au mabadiliko hatazami mtu, na hata ukimpa pipi haachi. Wa kwanza asipewe pipi. Wa pili aondolewe penye vurugu, apewe kimya, na mazungumzo yangoje atulie. Kiboko kinamfundisha nini mtoto ambaye hajaelewa kosa lake? Kinamfundisha kwamba watu wazima hubadilika ghafla bila sababu, jambo ambalo tayari ndilo linalomtisha. Kenya imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Nyumbani sheria haifiki kirahisi, na hapo ni uamuzi wa mzazi. Kanuni zinazotabirika, zinazosemwa wazi na kusimamiwa kila siku, ni kali kuliko bakora inayotegemea hasira ya siku hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila utambuzi, huenda tukatibu kisichokuwepo. Hapa inabidi kutofautisha hatua na hatua. Picha za ratiba, lugha nyoofu na onyo kabla ya mabadiliko hazimdhuru mtoto yeyote. Kama hana usonji, umepoteza karatasi na gundi. Hatua za namna hiyo zianze leo. Dawa, mlo wa kumnyima vyakula, na "tiba" zinazouzwa mtandaoni ni habari nyingine. Usonji hauna dawa ya kuuponya, na wapo waliowanywesha watoto kemikali za kung'arishia nguo wakiahidiwa kupona. Wengine huacha chanjo kwa sababu ya andiko la mwaka 1998 lililohusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida lililolichapisha lililiondoa mwaka 2010, na uchunguzi wa zaidi ya watoto 650,000 wa Denmark, uliotolewa mwaka 2019, haukuona uhusiano wowote. Yapo pia mambo yasiyongoja: masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia vizuri naye haitikii akiitwa, na mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo au anayepatwa na degedege apelekwe hospitali mara moja. Tahadhari nyingine inahusu macho. Vitabu vya Ulaya husisitiza mtoto asiyetazama watu usoni, ilhali kwetu wengi hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mtazame zaidi akiwa na watoto wenzake. Na mkague binti pia, kwani wasichana wengi huigiza wenzao kwa bidii shuleni na kuishia kulipuka jioni nyumbani.

Mtu ataniuliza: kama msaada haungoji jina, jina ni la nini? Lina kazi. Ndilo linalofungua mlango wa haki shuleni na muda wa ziada katika mitihani, na ndilo linalomwezesha mtu mzima kujielewa bila kujiona mbovu. Pia huwanyamazisha wanaosema ni mashetani. Kwa hiyo foleni ya kumwona daktari ishike, hata ikiwa ndefu. Nchini Kenya vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilianzishwa mwaka 1984 na hupima mahitaji ya mtoto kwa ajili ya shule. Nchini Tanzania anzia kliniki ya watoto uombe rufaa ya hospitali ya mkoa au ya kanda. Nenda na daftari ulimoandika nini hutokea, saa ngapi, baada ya jambo gani na hudumu muda gani, kwa kuwa daktari atakuwa naye dakika chache tu, na pengine siku hiyo mtoto atakuwa mtulivu kabisa. Na kabla tarehe hiyo haijafika, kesho asubuhi mweleze mwalimu wake kinachomzidi, kinachomtuliza, na namna ya kumpa agizo akalielewa.