Kabla hujasogeza injini ya Land Rover ya zamani, chukua futi upime

Pikapu za Land Rover Series III, zile ndefu za inchi 109, bado zinatafuta riziki huku kwetu. Zinabeba mawe, makuti, nazi na mitungi ya maji kwenye njia ambazo gari dogo haliingii. Kiwanda kilizitengeneza kati ya 1971 na 1985, kwa hivyo hata iliyo changa kabisa ni mzee wa takriban miaka 40. Injini yake ya petroli ya 2286 cc ikichoka, wenyewe wengi huona heri kutia dizeli kutoka gari jingine. Hapo ndipo neno la kusogeza injini linapoingia. Injini mpya ni ndefu, feni inagusa rejeta, au sampu inakalia ekseli ya mbele.

Wako pia wanaosogeza kwa sababu wameambiwa kuwa injini ikirudi nyuma, uzito wa gari utagawanyika vizuri na gari litatulia barabarani. Tuanze na hilo, maana hesabu yake ni nyepesi.

Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, yaani sentimita 277. Tuseme injini na giaboksi kwa pamoja ni kilo 300, na fundi amezirudisha nyuma sentimita 10. Zidisha 300 kwa 10, kisha gawanya kwa 277. Utapata kilo 11 hivi. Huo ndio uzito wote uliohama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Sasa chukua mzigo wa kilo 500 ulioko nyuma, uusogeze mbele sentimita hizo hizo 10. Kilo 18 zimehama, na hujakata chuma wala hujalipa fundi. Basi kama shida yako ni gari kuinua pua likipakiwa, panga magunia vizuri na uangalie springi. Injini iache ilipo.

Anayelazimika kusogeza ni yule aliyekosa nafasi. Naye asikimbilie kukata ukuta ulio kati ya injini na dereva, atazame mbele kwanza. Kiwanda chenyewe kilipotia injini ya V8 ya lita 3.5 mwaka 1979, grili ilisogezwa mbele ikawa sawa na madigadi. Kuhamisha rejeta ni kazi ya bolti na mabano. Kuhamisha injini kunahamisha kila kitu kilichoshikana nayo: giaboksi, bomba la moshi, klachi, nyaya za mafuta, hata gia mkononi mwa dereva, ambayo itakuja kugonga kiti.

Jambo linalosahaulika sana ni propela. Land Rover hii ina mbili, na zote zinatoka kwenye boksi lililofungwa nyuma ya giaboksi. Ukirudisha injini sentimita 5, propela ya nyuma inabanwa sentimita 5 na ya mbele inavutwa kiasi hicho hicho. Ya nyuma ikikosa nafasi ya kuteleza, gari likiingia shimoni itasukuma giaboksi na kuvunja bearingi. Ya mbele ikivutika kupita kiasi, meno yake yatashikana kidogo tu, na inaweza kuchomoka gari likiwa mbioni. Kwa hivyo propela zote mbili zipimwe upya, na ikibidi zikatwe au zirefushwe na fundi mwenye mashine ya kuzisawazisha.

Pembe nazo zina hesabu yake. Mkao wa injini na mkao wa difu uende sambamba, ili krosi za ncha mbili za propela zipinde kwa kiasi sawa. Zisipolingana, gari litatetemeka kila likishika kasi, na krosi zitakufa kila baada ya muda mfupi. Pima maji ya mwashi yanatosha kuanzia. Pima kabla ya kufungua chochote, andika, kisha pima tena baada ya kufunga.

Kuna hatari mbili zinazoweza kutoa roho ya mtu. Ya kwanza ni breki ya mkono. Kwenye gari hili haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma. Ukishaifungua propela hiyo, breki ya mkono haizuii kitu, hata ukiivuta hadi mwisho. Weka mawe au magogo kwenye magurudumu kabla mtu hajaingia chini. Ya pili ni tangi la petroli, ambalo liko chini ya kiti, karibu na chesisi inayochomelewa. Litolewe lipelekwe mbali. Tangi tupu nalo si salama, kwani mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Betri nayo ichomolewe.

Kisha kuna joto letu la Pwani. Injini iliyorudi nyuma inaacha feni mbali na rejeta, nayo inavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Ukiwa mbioni hutajua. Utajua ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana. Tia kizingio cha bati kuizunguka feni, na uache sentimita mbili au tatu kati ya feni na rejeta.

Mwisho ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Injini ikibadilishwa, namba yake haitalingana na ya logbook, kwa hivyo mabadiliko yapelekwe NTSA na gari likaguliwe. Bima nayo ijulishwe. Usipofanya hivyo, siku ya ajali au siku ya kuuza utajikuta ukieleza injini hiyo umeitoa wapi.

Kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, muulize: propela zitakuwa na urefu gani, pembe amepima kwa nini, na tangi litawekwa wapi. Akiwa na majibu, mpe kazi. Akikujibu kuwa atajua mbele ya safari, chukua funguo zako.