Gari yako ya delivari ikichemsha: jua imechemshia wapi kabla hujanunua rejeta

Wauzaji wenzangu, wengi wetu duka ni simu na stoo ni sebuleni, lakini mzigo unafika kwa mteja kwa gari. Na gari zenyewe tunazijua: Passo, Vitz, IST, Probox, kirikuu, zote zilishatembea sana Japani kabla hazijaja kutembea kwetu. Mimi nauza samaki waliogandishwa, nipo Mbezi Beach. Gari ikichemsha saa nane mchana pale Makonde hasara ni mbili: samaki wanaoyeyuka na injini inayokufa. Ya pili ndo kubwa. Sasa kila nikiongea na wenzangu nasikia mtu kaambiwa "nunua rejeta nyingine" kabla hata hajaulizwa gari ilichemshia wapi.

Swali la kwanza ni hilo hilo. Wapi, na ilikuwa inafanya nini?

Kama inachemsha kwenye foleni tu, tuseme Mwenge au Tangi Bovu, halafu ukipata njia ukatembea mshale unashuka, mshuku feni. Gari ikiwa kwenye mwendo upepo wa njiani unapoza rejeta bure. Ikisimama, upepo pekee uliobaki ni wa feni. Kuipima ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma na gari imesimama, washa AC, fungua boneti uangalie. Kwenye gari nyingi ndogo za Kijapani feni inatakiwa ianze kuzunguka muda si mrefu. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei, vitu vya bei ndogo, ndipo uende kwenye waya na mota. Ikizunguka kwa AC, lakini AC ikizimwa haizunguki hata injini ikipata moto sana, basi mota haina shida, angalieni sensa ya joto na waya zake. Hapa mafundi wengi watakuungia feni dairekti izunguke muda wote. Inakufikisha nyumbani, sikatai, ila ugonjwa umefunikwa tu. Na vidole viwe mbali, feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini imezimwa.

Kinyume chake: kwenye foleni gari iko poa, ila ukikimbiza kwenda Bunju au Bagamoyo na mzigo nyuma, mshale unapanda. Hapo usihangaike na feni. Injini inatoa joto jingi kuliko maji yanavyoweza kulibeba. Maji yamepungua, au rejeta imeziba, au themostati haifunguki vizuri, au pampu ya maji imechoka. Injini ikishapata moto, shika kwa uangalifu mipira miwili mikubwa ya rejeta, ukikaa mbali na feni na mikanda. Mmoja ukiwa wa moto sana na mwingine wa baridi, maji hayazunguki: ni themostati imeganda au rejeta imeziba. Pampu mara nyingi inajitangaza kwa kuvuja, utaona michirizi ya kulanti iliyokauka chini yake.

Kuhusu themostati nina ugomvi wangu. Utaambiwa "hii itoe, Dar joto, haina kazi". Ina kazi. Kwenye gari nyingi inafunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi na inakula mafuta, na sisi tunaopeleka oda saba kwa siku mafuta ndo faida yenyewe. Halafu kwenye injini nyingi themostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka humo humo kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umetoa themostati ili isichemshe, na umeongeza sababu ya kuchemsha. Nunua mpya.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni mfuniko wa rejeta. Maji kwenye sufuria huku kwetu usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Ndani ya rejeta mfuniko unayabana, ndo maana juu yake utakuta namba kama 0.9 au 1.1, hicho ni kipimo cha presha. Kwa presha ya aina hiyo maji yanafika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichakaa presha inatoka, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye kopo la akiba. Kabla ya rejeta mpya badilisha mfuniko, na namba ifanane na ya zamani.

Hiyo presha ndo inayounguza watu pia. Ukifungua rejeta ya moto, maji yaliyopita nyuzi 100 yanageuka mvuke hapo hapo usoni kwako. Usifungue. Mteja akipiga simu mara kumi, usifungue.

Mshale ukipanda ukiwa njiani, zima AC, washa hita kwenye joto la mwisho na ushushe vioo. Utatoka jasho, lakini hita inavuta joto kutoka kwenye injini na inakupa muda wa kutafuta pa kuegesha. Ukiona mvuke, zima injini palepale. Passo na wenzake hawana mshale, wana taa tu: bluu ni baridi, nyekundu ni hatari, na nyekundu haikupi nafasi ya "nimalizie oda hii". Angalizo: maji yakiisha kabisa mshale unaweza kushuka wenyewe kwa sababu sensa haiguswi tena na maji. Usifurahi.

Subiri angalau nusu saa, mpaka mpira wa juu uweze kuushika bila kuruka. Funga mfuniko kwa kitambaa kizito, zungusha kidogo kidogo. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, silinda hedi ya alumini inapinda. Muda huo wa kusubiri, muite bodaboda, mkabidhi mzigo, mtumie mteja picha na namba ya dereva. Nauli hiyo ni ndogo kuliko injini.

Maji ya kuongeza nayo yana mambo yake. Visima vingi vya ukanda wetu huu wa pwani vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuacha magaga ndani ya rejeta. Ukikwama, chupa ya maji ya kunywa itakuvusha. Ya kudumu ni kulanti, na usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi tu.

Kama unaongeza maji kila siku na chini ya gari hakuna tone, angalia oili. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, au bomba la moshi linatoa mvuke mweupe hata injini ikishapata joto, au rejeta inatoa mapovu mfululizo ukiwasha gari, hedi gasketi imeungua. Hapo acha kuendesha kabisa, kodi usafiri mpaka itengenezwe.

Wenye kirikuu: injini yenu iko chini ya kiti na rejeta iko mbele, maji yanapita kwenye mabomba marefu, kwa hiyo hewa inanasa kirahisi. Mkijaza maji gari ikiwa baridi, iacheni iungurume mfuniko ukiwa wazi, muwe mnaongeza taratibu huku mkiminya mipira mpaka mapovu yaishe, ndipo mfunge. Fundi akijaza na kufunga mara moja, mwambieni afungue arudie kabla hamjapakia mzigo.