Picha ya mwili wa jirani yako: utaifunika au utaisambaza?



Wiki hii nimekuwa Mnyambe, juu ya uwanda wa Makonde, nikizungukia vigango. Baada ya Misa, mama mmoja alinionyesha simu yake kwa furaha: "Baba Padre, jana nimetembea hatua elfu kumi na nne!" Tukacheka wote, maana bibi zetu wa uwanda huu waliteremka mabondeni kuteka maji na kupanda tena na mtungi kichwani, wala hapakuwa na simu ya kuwahesabia.

Sikucheka kwa dharau. Presha na kisukari vimeingia katika nyumba zetu, Newala na Masasi kama kwingineko. Daktari akimwambia mtu apunguze uzito, naye akatii, anautunza mwili ambao Mtume Paulo aliuita hekalu la Roho Mtakatifu. Lakini baadhi ya programu hizi za simu, na baadhi ya walimu wa mazoezi wa mtandaoni, hawaishii kwenye hatua na kilo. Wanaomba picha: mbele, ubavuni, mgongoni, ukiwa na nguo chache, kila wiki, ili ulinganishe mwili wa kabla na mwili wa baada. Leo naomba tutafakari picha hizo.

Namfahamu mama mmoja ambaye zilimletea machozi. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, na aliyoniambia hakuniambia katika kitubio. Si wa Mnyambe. Nanyi wa kwingine msianze kuulizana ni nani.

Mama huyu aliambiwa hospitali apunguze uzito. Akajiunga na kundi la WhatsApp la mwalimu wa mazoezi, akawa analipa kila mwezi. Kila Ijumaa alijifungia chumbani, akajipiga picha na kumtumia mwalimu. Katika miezi mitano alipungua kilo kumi na moja. Alimshukuru Mungu, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Siku moja picha zake mbili zikatokea kwenye tangazo la mwalimu yule, ya kabla na ya baada, zimewekwa bega kwa bega. Macho yalikuwa yamefunikwa kwa mstari mweusi. Lakini majirani walilijua pazia la mlango, na wanakwaya waliijua rozari iliyoning'inia ukutani. Ndani ya siku mbili tangazo lilikuwa limefika kwenye kundi la kwaya, na vicheko chini yake.

Likafika na kwenye simu yangu. Muumini alinirushia akiandika, "Padre, mwone mtu wako." Sikuisambaza picha ile. Lakini niliitazama, nikatikisa kichwa, nikaweka simu mfukoni, nikaenda kula.

Dominika tatu mama yule hakuonekana kanisani. Nilipomtembelea, aliniuliza, "Padre, nawe uliiona?" Nikajibu ndiyo. Akauliza tena, "Ulimwambia nini aliyekutumia?" Sikuwa na jibu.

Njiani kurudi nilimkumbuka Nuhu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinasimulia kwamba Nuhu alilewa divai akalala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu akamwona, akatoka nje, akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakatwaa vazi, wakaliweka mabegani, wakaingia kinyumenyume huku nyuso zao zimegeukia upande mwingine, wakamfunika baba yao.

Angalia, msomaji. Alichokisema Hamu kilikuwa kweli. Baba yao alikuwa uchi. Kosa lake halikuwa uongo. Alikuta mwili wa mtu umefunuliwa, akaufanya habari. Ndugu zake nao waliisikia habari hiyohiyo, lakini wao wakatafuta nguo. Nami nilijiuliza: siku ile, simu ikiwa mkononi, nilikuwa mwana yupi?

Wengi hujitetea wakisema, "Mbona aliipiga mwenyewe? Nani alimtuma?" Ndugu yangu, Nuhu naye alilewa mwenyewe. Na mama huyu hakulewa. Alimwamini mtu aliyekuwa akimlipa. Aibu ya tendo lile si ya aliyeamini, ni ya aliyeuza imani hiyo ili apate wateja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba ya 2477, inafundisha kwamba kufunua kasoro za mtu kwa wasiozijua, pasipo sababu halali, ni dhambi dhidi ya jina lake jema, hata kama jambo lenyewe ni kweli. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 220, inalinda jina jema la kila mtu pamoja na haki yake ya faragha. Wazee wetu wa uwanda huu nao hawakuhitaji kufundishwa upya: yaliyohusu mwili, yaliyofunzwa unyagoni, hayakusimuliwa barabarani. Mwili una mahali pake pa kuzungumziwa na una watu wake.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Katiba yetu, ibara ya 16, inatambua faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi linaloeleweka, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Kwa jirani zetu Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Lakini sheria huja baada ya jeraha. Waliosimama ukingoni pa Shimo la Mungu kule Newala wanajua: ukiachia karatasi upepo ukaichukua, hutaifuata bondeni. Picha ukiiweka ndani ya programu, mara nyingi nakala yake husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, pengine nje ya nchi. Ukiifuta kwenye simu, nakala ile yaweza kubaki. Picha yaweza pia kubeba tarehe, saa na mahali ilipopigwa.

Hata mwenye nia njema huibiwa. Mwaka 2018 kampuni ya Under Armour ya Marekani ilitangaza kwamba wezi wamechukua taarifa za akaunti zipatazo milioni 150 za programu yake ya MyFitnessPal, inayotumika kuhesabu chakula na mazoezi. Wakati ule hazikuwa picha. Lakini mwaka 2017, huko Lithuania, wezi waliingia katika kompyuta za kliniki ya upasuaji wa urembo, wakadai fedha, kisha wakaweka mtandaoni picha zaidi ya 25,000 za wagonjwa, nyingine za utupu. Wagonjwa wale walikuwa wamezitoa kwa ajili ya tiba.

Basi, unayetaka kupunguza uzito, endelea, na Mungu akutie nguvu. Mizani, utepe wa fundi cherehani na gauni lililokuwa likikubana vitakuonyesha maendeleo bila picha yoyote. Ukitaka picha lazima, usionyeshe uso wala kitu cha chumbani kinachojulikana, na ibaki kwenye simu yako yenye nywila. Programu ikiomba ruhusa ya kuona picha zako zote, ikatalie. Mwalimu akidai picha, muulize kwa maandishi ataitunza wapi na ataifuta lini. Akikasirika, amekwisha kukujibu.

Na wewe unayerushiwa picha ya mwili wa mwenzako, usiifungue mara ya pili. Ifute. Kisha fanya lile nililoshindwa kulifanya: mwambie aliyekutumia, kwa upole lakini waziwazi, "Hii si yako wala yangu. Ifute nawe." Huko ndiko kutembea kinyumenyume kwa siku hizi.

Jioni ile nilimpigia simu yule muumini, nikaanza kwa kuomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Jumamosi nilikwenda mazoezi ya kwaya. Sikutaja jina, nilisoma Mwanzo sura ya 9, nikaketi. Watu walishika simu zao kimya. Mwalimu wa mazoezi aliombwa aondoe tangazo, akaliondoa. Zile nakala zilizokwisha kusambaa, hakuna azijuaye idadi.

Mama yule amerudi kanisani. Anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kwaya bado hajarudi, nami simharakishi. Lakini Dominika iliyopita wanakwaya wawili walitoka mstarini baada ya Misa, wakamfuata mlangoni, wakatembea naye hadi kwake.