Mmea na antibiotiki dhidi ya ugonjwa wa fizi: nguvu ya pamoja hupimwaje?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, ugonjwa mkali wa fizi unawasumbua zaidi ya watu bilioni 1. Huanza na ukoga usiosafishwa: fizi huvimba na kuvuja damu, kisha huachana na jino na kuacha mfuko ambamo bakteria huzaliana, huku mfupa unaoshikilia jino ukiliwa taratibu. Tiba ya msingi ni kukwangua ukoga, hata ule uliogandia kwenye mizizi. Ugonjwa ukiwa mkali, daktari anaweza kuongeza amoksisilini na metronidazoli.

Kwa nini dawa hizo zishindwe? Bakteria wa fizi, kama Porphyromonas gingivalis, hawaishi mmojammoja. Hujikusanya ndani ya utando unaonata, na humo huweza kuhimili dawa nyingi kuliko ile inayowaua wakiwa peke yao. Baadhi yao, hasa wa jamii ya Prevotella, hutoa vimeng'enya vinavyovunja amoksisilini. Wengine wana pampu za kuisukuma dawa nje kabla haijawadhuru.

Hapo ndipo mmea unapoingia. Kazi inayotarajiwa si kuchukua nafasi ya antibiotiki, bali kuwaondolea bakteria kinga zao. Jambo hili lina mfano hospitalini: asidi ya klavulani, itokayo kwa bakteria wa udongoni, yenyewe ina nguvu ndogo sana ya kuua vijidudu, lakini huzuia vimeng'enya visivunje amoksisilini. Watafiti wanatafuta wasaidizi wa aina hiyo katika mimea. Viambato vya chai ya kijani vimeonekana maabara kumdhoofisha P. gingivalis. Mti wa mswaki, Salvadora persica, una kemikali kali katika mizizi yake, benzili isothiosianati, ambayo nayo imemuua bakteria huyo maabara.

Lakini kuua kila kimoja kivyake si ushahidi kwamba viwili vinasaidiana. Hilo hupimwa hivi: tuseme antibiotiki peke yake huzuia bakteria kwa kipimo cha 8, na mmea peke yake kwa 400. Vikichanganywa, inatosha 2 ya dawa na 100 ya mmea. Kila kimoja kimetumika robo ya kipimo chake. Robo mbili ni 0.5. Jumla ikiwa 0.5 au chini, vinasaidiana kweli. Ikizidi 4, vinapingana, na mmea umeiharibia dawa kazi. Kati ya hapo, hakuna faida kubwa ya kujivunia.

Hata jumla nzuri ni ya maabara tu, mara nyingi kwa bakteria wanaoelea kwenye kimiminika bila utando wao. Ndani ya mfuko wa fizi, majimaji hubadilika takriban mara 40 kwa saa, hivyo dawa iliyowekwa humo husombwa upesi. Maji ya kusukutua hayafiki kwenye kina cha mfuko huo. Tena nguvu ya mmea hutegemea udongo, msimu, sehemu iliyochumwa na kama umelowekwa kwenye maji au spiriti. Bila kujua kiasi cha kiambato chenyewe, haiwezekani kurudia matokeo wala kumpa mgonjwa kipimo salama.

Kwa hiyo kuchemsha mizizi na kuinywa pamoja na vidonge ni kubahatisha, na kubahatisha na antibiotiki hulea usugu utakaotudhuru sote. Mwenye fizi zinazovuja damu aende kukwanguliwa meno, kisha apige mswaki kila siku, uwe wa mti au wa dukani. Nasi tuzidai maabara zetu zifanye kazi iliyobaki: kutenga kiambato, kukijaribu kwenye utando halisi wa bakteria, kisha kwa wagonjwa. Mti wa mswaki unaota Afrika Mashariki na umesafisha vinywa vyetu kwa vizazi. Unastahili kuchunguzwa kwa makini kama dawa nyingine yoyote.