Kutu Ubavuni: Usikimbilie Rangi

Mtu akisimama ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mashua na boti zimelala mchangani, hakosi kuona chombo chenye michirizi ya kahawia inayoshuka ubavuni. Michirizi hiyo huanzia kwenye matundu ya kutolea maji ya sitaha. Kama chombo ni cheupe, huonekana kutoka mbali, mfano wa bi harusi aliyelia wanja ukamchuruzika.

Shemeji yangu mmoja ana mashua ya aina hiyo. Ni mashua ya mbao yenye mashine, inayobeba abiria na mizigo. Mwaka mmoja aliipaka rangi mara tatu, na mara tatu kutu ikarudi palepale. Nilipomwuliza, alinijibu, "Shemeji, hayo ni madoa tu. Bahari ina chumvi." Jibu hilo ndilo lililonifanya nizungumzie jambo hili leo.

Kweli bahari ina chumvi, lakini chumvi haina kutu. Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Chumvi kazi yake ni kuharakisha tu. Kwa hiyo ukiona doa la kutu, jua kwamba mahali fulani chuma kinaliwa, na tundu la maji linakuonyesha tu njia ya kutokea. Dalili ya mvua ni mawingu.

Swali la kwanza basi liwe hili: chuma hicho kiko wapi? Mafundi wa vyombo hutafuta mahali patatu. Pa kwanza ni juu ya sitaha: nanga, mnyororo, ndoo kuukuu, au unga wa chuma ulioachwa na fundi aliyetoboa au kukata kitu. Hapo hakuna hasara kubwa. Ondoa, fagia, osha. Pa pili ni kwenye tundu lenyewe, yaani pete au bomba lake na skrubu zinazolishika. Pa tatu, na ndipo penye hatari, ni ndani: misumari na bolti zinazofunga mbao kwenye mataruma, ambazo maji huzifikia kwa kupenya chini ya sitaha.

Njia ya kupambanua ni nyepesi, na haihitaji mtaalamu. Sugua doa mpaka liondoke, kisha acha chombo kikauke. Chukua kitambaa cheupe, kibandike chini ya tundu. Mwaga maji baridi ya kisima mahali pamoja pa sitaha, ungoje, uangalie kitambaa. Kisha mwaga mahali pengine. Maji yakitoka safi, songa mbele. Yakitoka na rangi ya chai, umekaribia. Na kama kitambaa kinaendelea kulowa rangi hiyo hata baada ya sitaha kukauka, basi maji yamejificha ndani na yanatoka polepole. Hapo usingoje, ita fundi.

Sasa juu ya kusafisha. Wengi hukimbilia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Hiyo haiondoi kutu, na huweza kulifanya doa ligande zaidi. Kinachoyeyusha kutu ni asidi. Doa changa huweza kuondoka kwa maji ya ndimu. Doa sugu huondolewa kwa asidi ya oksali, ambayo ni unga unaokorogwa na maji katika ndoo ya plastiki. Hupakwa, huachwa dakika chache, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Lakini unga huo ni sumu: vaa glavu, linda macho, uweke mbali na watoto. Na kamwe usichanganye asidi na klorini, kwani hutoa hewa yenye sumu inayodhuru mapafu. Tena usisugue kwa brashi ya waya wa chuma. Vipande vidogo vya waya hubaki kwenye rangi navyo hushika kutu, ukajikuta na madoa mia badala ya moja.

Wenye boti za faiba huenda wakasema hayo hayawahusu, kwa kuwa skrubu zao ni za chuma kisichoshika kutu. Jina hilo lina udanganyifu kidogo. Chuma hicho kimechanganywa na kromi, nayo kromi ikipata hewa hujenga ngozi nyembamba ya kukilinda. Skrubu ikizama katika upenyo wenye maji ya chumvi yaliyotuama, hewa ikakosekana, ngozi ile huvunjika na skrubu huliwa kimyakimya. Aina ya 316 huvumilia bahari kuliko ya 304, lakini hata hiyo yataka sehemu yake ikazibwe vizuri. Wala usitie skrubu ya shaba kugusana na chuma cha kawaida; katika maji ya chumvi, chuma ndicho kitakachoumia. Na kama tundu lako lina mpira unaopita ndani ya boti, zikague klipu zake. Klipu ikikatika, mpira ukachomoka, maji yaliyokuwa yatoke nje yatamwagika ndani.

Hebu nirudi kwa shemeji. Mwishowe alimwita mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Mzee aliing'oa ile pete ya tundu, na vichwa vya skrubu mbili vikabaki mkononi mwake. Kisha akachukua kisu, akakigusisha kwenye ubao wa nyuma yake. Kisu kiliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Kutu huvimba, hupasua mbao, na mbao iliyozunguka msumari mbovu hulainika. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Bwana, rangi yako ni nzuri. Ila hapa ulikuwa ukipaka rangi kaburi."

Mbao mbili zilibadilishwa, misumari mipya iliyochovywa zinki ikatiwa, mashua ikakalafatiwa upya. Shemeji alilalamikia gharama. Nami nilikuwa nikifikiria abiria waliokuwa wakipanda mashua ile wakati wa kusi, akina mama na watoto wao, wakiiona inang'aa na kuamini kwamba ni nzima.

Mwenye chombo ana haki ya kupendezesha mali yake. Lakini na achunguze kwanza, apake baadaye. Nawe abiria, siku utakapoona machozi ya kahawia ubavuni, muulize nahodha yanatoka wapi. Akikujibu kwa kukuonyesha, panda. Akikwambia ni madoa tu, una haki ya kungoja chombo kingine.