Kuamshwa Ghafla na Homoni ya Asubuhi
Magomeni, wilayani Kilosa, wengine huamshwa na jogoo, wengine na adhana, wengine na kengele ya simu. Vyovyote mtu aamkavyo, tezi zilizo juu ya figo huongeza homoni ya kotisoli, ambayo kwa kawaida hufikia kilele baada ya dakika 30 hadi 45. Ongezeko hilo si ugonjwa. Huutayarisha mwili kwa kazi za siku. Uzito wa kichwa hutokana zaidi na kukatizwa usingizi mzito, au kulala saa chache. Mwenye shinikizo la juu la damu aliyegutushwa usingizini apumzike angalau dakika 5 kabla ya kupimwa. Naye mgonjwa aliyelazwa aitwe taratibu kwa jina lake. Kumwashia taa ghafla alfajiri ili apimwe joto ni mazoea ya zamu tu.